Mwanaume Aliyefukia Ngolo

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama yangu kule Lipingo alikuwa akisema, Benadetha akinyamaza mjue anaumwa. Kwa hiyo siku niliyosimama mahakamani Mbinga nikatangaza kwamba ripoti niliyoiandika kwa mkono wangu ni ya ovyo, watu walianza kwa kucheka. Walidhani ni ule mdomo wangu tu. Kumbe mzee wa watu alikuwa anakaribia kunyang'anywa shamba, nyumba na heshima yake, na aliyeshika kalamu nilikuwa mimi.

Mimi ni mwanasaikolojia. Hospitali ninayofanyia kazi siitaji, wenyewe hawapendi. Siku nyingi nakaa na waliofiwa, waliopigwa, wasiopata usingizi. Ila mara moja moja mahakama inatuandikia: mpimeni fulani, mtuambie kama ana akili timamu. Hapo kazi inageuka. Mgonjwa akija kwangu mwenyewe, siri yake nazikwa nayo. Aliyeletwa na mahakama hana siri kwangu. Akisema nitaandika, na hakimu atasoma. Ndiyo maana tunafundishwa kwamba kabla hujamwuliza mtu lolote, umwambie wewe ni nani, umetumwa na nani, na maneno yake yanakwenda wapi. Naijua kanuni hiyo kama ninavyoijua Baba Yetu. Siku ile sikuisali.

Aliyeletwa alikuwa Mzee Ladislaus wa Maguu, mkulima wa kahawa, miaka sabini na miwili, mgane. Mkewe Ephrasia alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu nyuma, na watoto Mungu hakuwajalia. Aliyemleta ni Edmund, mtoto wa mdogo wake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Edmund huyo huyo ndiye aliyekwenda mahakamani kuomba mzee atangazwe hana akili timamu, na yeye akabidhiwe kila kitu. Mzee angehamia chumba cha uani kwa Edmund, na mlima wake ungepandwa mikaratusi. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye maombi, nami nilikuwa nimeyasoma.

Ilikuwa Jumanne, benchi la nje limejaa, mimi njaa inaniuma. Edmund akaingia chumbani pamoja na mzee, akavuta kiti. "Dada, baba mkubwa Kiswahili kinampa shida. Nitakutafsiria."

Nikasema haya. Jamani! Mtu anataka mali ya mzee, mimi namfanya mkalimani wa mzee! Nikikumbuka natamani kujizaba kibao. Nikauliza, Edmund akatafsiri kwa Kimatengo, mzee akatazama dirishani. Nikauliza tena, mzee akatoa neno moja, Edmund akanipa sentensi tatu. Nikamwambia mzee ahesabu kurudi nyuma kuanzia mia kwa kutoa saba saba, akanitazama kwa huruma, akanyamaza. Dakika ishirini na tano nikawa nimemaliza.

Kilichonishawishi zaidi ni maelezo ya majirani. Watatu waliapa jambo moja: tangu mkewe afariki, mzee anafukia ngolo mwenyewe, tena anaimba.

Kama hujafika Umatengo, nikueleze. Milima ya huku imesimama, mvua ikinyesha udongo wote unataka kuteremka. Wazee wao wakabuni ngolo. Unafyeka majani, unayalaza mlimani kwa mistari inayokatana mpaka yanafanya vyumba vyumba. Kisha katikati ya kila chumba unachimba udongo na kuyafukia yale majani yaliyokizunguka. Mlima unabaki na mashimo yaliyopangwa, maji yanatulia humo, majani yanaoza, na juu ya matuta unapanda maharage. Sasa, kufyeka na kulaza majani ni kazi ya mwanaume. Kuchimba na kufukia ni ya mwanamke. Ndivyo wamezoea, na mwanaume akionekana ameinama anafukia, watakwambia nati zimelegea.

Mimi ni mtu wa ziwani, wa mihogo na dagaa wetu wa usipa. Nikasema wenyewe wanajua mambo yao. Nikaandika: "Tabia zisizo za kawaida tangu msiba. Hana uwezo wa kusimamia mali zake." Nikasaini, nikagonga mhuri, nikaenda kula.

Wiki mbili baadaye nilipanda Maguu kwenye harusi ya mdogo wa rafiki yangu. Jumamosi, mwezi wa tatu, mvua imepumzika kidogo. Nimesimama uani na sahani ya pilau, macho yakavuka bonde hadi mlima wa pili. Ngolo nimeziona maisha yangu yote, zimejaa njia nzima. Lakini zile! Kila shimo sawasawa na jirani yake, kuanzia kileleni hadi chini kwenye kahawa, udongo umelala juu ya majani bila jani moja kuchungulia.

Pembeni yangu alikaa Bibi Hedwiga, mama mzazi wa rafiki yangu. Nikamwuliza, "Bibi, mama gani huyo mwenye mkono kama ule?"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama wapi! Ni yule kichaa wako. Si wewe uliyemwandika?"

Nikaiweka sahani chini. "Bibi, wewe unaona ana kichaa?"

"Mimi naona ana maharage," akasema.

"Sasa mbona majirani wameapa?"

"Waliulizwa kama anafukia, wakasema anafukia. Ni kweli, anafukia. Hakuna aliyewauliza kama anafukia vizuri." Akanitazama toka utosini hadi kwenye viatu vyangu vya harusi. "Na wewe uliyesoma, ulikuja kuangalia?"

Sikujibu. Na mimi kukosa jibu, mama yangu angeita mganga. Nikavuka bonde na viatu vile vile, visigino vinazama kwenye matope, watu wa harusi wananiangalia. Mzee mwenyewe hakuwa amealikwa. Nani anamwalika kichaa harusini?

Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anaimba taratibu, na jembe linashuka kila wimbo ulipofika mahali fulani. Nikasimama nikasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akainuka, akanyoosha mgongo, akanitambua. "Ah! Karibu, daktari wa presha."

"Mzee, mimi si wa presha."

"Kumbe! Edmund aliniambia tunakwenda kupima presha. Ndiyo maana nilishangaa hukunifunga ule mpira mkononi. Unaniuliza tu, mara leo siku gani, mara mia toa saba. Na huyu kijana naye kakaa hapo ananitafsiria, utadhani mimi sijui Kiswahili. Nimekuwa katekista miaka kumi na tisa! Nikasema, labda binti wa watu kazi bado hajaizoea, ngoja ninyamaze nisimwaibishe mbele ya kijana wangu."

Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Aibu niliyoisikia pale sijapata kuisikia tena, na nimeshafanya mambo mengi ya aibu. Alikuwa amenyamaza ili kunistiri, nami ukimya ule nikauandika kuwa upungufu wa akili.

Akataka kuendelea kuongea, nikamzuia. "Mzee, subiri. Kabla hujasema lolote zaidi, nisikilize. Siku ile nilitumwa na mahakama. Edmund anaomba utangazwe huna akili timamu, yeye apewe shamba na nyumba. Kila utakachoniambia nitamwambia hakimu, kizuri au kibaya. Una haki ya kunyamaza. Una haki hata ya kunifukuza hapa."

Akalaza jembe chini. "Kuna karatasi Edmund anaitembeza kijijini, anasema ni ya hospitali, eti siwezi kutunza mali. Umeiandika wewe?"

"Nimeiandika mimi."

"Bila kuniambia unaniandika?"

"Bila kukwambia."

Machozi yakanitoka. Mzee akanitazama, akatoa kitambaa, akakikagua, akaona kina matope, akakirudisha mfukoni. "Lia," akasema. "Ukimaliza uniambie tunafanyaje."

Sikumwuliza swali jingine siku ile, maana sikuwa na ruhusa ya mahakama. Nilimweleza mambo mawili tu: kwamba nitamwandikia hakimu kukiri kosa, na kwamba yeye ana haki ya kujibu maombi yale mwenyewe mbele ya mahakama. Akanikaribisha chai. Nikakataa, kwa sababu aliyetumwa kupima hapaswi kula kwa anayepimwa wala kwa anayempinga. Kukataa chai ya mzee ni ukosefu wa adabu, nikamweleza kwa nini. "Kazi yenu ina ukorofi," akasema, akarudi kwenye jembe lake.

Jumatatu nikaingia kwa mkubwa wangu wa kazi, Daktari Raimundi. Si mtu mbaya, ila anapenda mambo yapite kimya kimya. Nikamsimulia yote. Akavua miwani.

"Bena, ripoti imeshapokelewa. Ukienda kujikana, kila karatasi yenye mhuri wetu itatiliwa shaka. Na wakili wa Edmund atakuchanachana."

"Acha anichane."

"Hakuna aliyekulazimisha."

"Nimelazimishwa, daktari. Mahakama iliniuliza ukweli nikaipa uvivu. Nikijua hivyo nikanyamaza, hapo sasa nitakuwa nimedanganya."

"Nitalazimika kukuandikia barua ya onyo."

"Niandikie. Ila yangu inatangulia kwenda kwa hakimu."

Na ilitangulia. Kurasa mbili, bila kujipamba: sikumweleza mhusika madhumuni, nilimtumia mwenye maslahi kuwa mkalimani, sikufika shambani, naomba ripoti isitegemewe. Hakimu akaagiza nimpime upya, akaupatia nakala kila upande. Siku ile nililala usingizi mzito, hata na barua ya onyo mkobani.

Safari hii nilifanya kazi kama watu. Siku mbili, nyumbani kwake, Edmund hayupo. Nilimwomba Bonifasia, muuguzi mstaafu asiye na undugu na ukoo ule, awe mkalimani, kwa sababu mambo ya sokoni mzee anayasema vizuri kwa Kiswahili, lakini msiba wake anausema kwa Kimatengo. Nikamsomea haki zake kwa lugha zote mbili, akanirudishia kwa maneno yake mwenyewe kuhakikisha ameelewa. Mia toa saba saba alishuka nayo hadi mbili bila kukwama, akaniuliza kama aendelee chini ya sufuri. Alinitajia kila mstari wa kahawa na mwaka uliopandwa. Kisha akaniambia kwamba kuna siku halali, anamlilia Ephrasia, na mara mbili amesahau sufuria jikoni ikaungua.

Nikaandika na hilo.

"Lazima?" akauliza.

"Lazima, mzee."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Andika pia kwamba sufuria yenyewe ilikuwa mbovu."

Siku ya shauri Maguu nzima ilishuka Mbinga. Benchi hazikutosha, wengine walisimama madirishani. Hakimu alikuwa mama mmoja mpole wa sura, mkali wa macho. Edmund alikaa mbele na suti, pembeni yake wakili kijana anayejua kuvuta maneno. Mimi nikaapishwa.

Wakili akainuka na karatasi mbili, moja kila mkono. "Bi Benadetha, hii inasema mzee hawezi. Hii inasema anaweza. Zote umesaini wewe. Ni ipi uliyodanganya?"

"Hakuna niliyodanganya. Ile ya kwanza nilikuwa mvivu, na ni ya ovyo."

Hapo ndipo watu walipoangua kicheko. Karani akagonga meza.

"Kwa hiyo mahakama imwamini shahidi mvivu?"

"Isiniamini mimi. Iangalie nilichokifanya. Mara ya kwanza, dakika ishirini na tano, na mteja wako ndiye aliyekuwa mdomo wa mzee. Mara ya pili, siku mbili, na mkalimani asiyetaka kitu. Kila swali na kila jibu nimeambatisha. Mlete mtaalamu mwingine yeyote aje ayapime."

Wakili akafungua ukurasa. "Ni kweli mzee ameunguza sufuria mara mbili?"

"Ni kweli. Nimeandika mwenyewe, ukurasa wa tatu. Mimi mwezi uliopita nimeunguza maharage, na hakuna aliyekuja kuomba nyumba yangu."

Wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimehamia upande wangu. Wakili akaona. Akashusha sauti, akanisogelea.

"Wewe si Mmatengo. Nikuulize tu. Mwanaume wa Kimatengo, mzee mzima, anayefukia ngolo huku akiimba, ni mtu wa kawaida?"

"Si wa kawaida," nikasema.

Edmund akanyanyua kichwa.

"Si wa kawaida hata kidogo," nikaendelea. "Lakini mahakama haikuniuliza kama anafanana na majirani zake. Iliniuliza kama anajua anachofanya, kwa nini anakifanya, na kitaleta nini. Hayo matatu anayajua kuliko sisi wote humu. Na majirani watatu walioapa hawakusema uongo. Walieleza desturi imevunjwa. Mimi ndiye niliyechukua desturi nikaiita ugonjwa. Kosa ni langu, silo lao wala lake."

Wakili akakaa. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, yalitoka tu, na nilijisikia mwepesi.

Hakimu akamgeukia mzee. "Mzee Ladislaus, unaweza kuniambia kwa nini unafukia mwenyewe?"

Mzee akasimama, kofia mkononi. Hakuharakisha.

"Mheshimiwa, majani niliyalaza mimi. Aliyekuwa anafukia ni mke wangu. Amekufa. Mvua haikufa. Msimu wa kwanza niliita vibarua, wakafukia juu juu, mvua ikashusha udongo mpaka kwenye kahawa, mibuni mingine ikafukiwa hadi shingoni. Nikajiambia, Ladislaus, umemwangalia Ephrasia akifanya kazi hii miaka arobaini na sita. Kama hukujifunza, basi ulikuwa unaangalia nini? Nikashika jembe."

"Na nyimbo?"

"Nyimbo ni zake. Bila nyimbo jembe langu linakwenda upande." Akaigeuza kofia mkononi. "Na ninamkumbuka, mheshimiwa. Kama kumkumbuka mke ni kichaa, basi niandikeni, wala sitakataa."

Wanawake wa Maguu walikuwa wameshaanza kujifuta macho. Edmund akainuka bila ruhusa. "Baba mkubwa, watu wanaucheka ukoo wetu! Kila nikikaa dukani wananiuliza habari zako!"

Mzee akamtazama bila hasira. "Waache wacheke, mwanangu. Wana meno. Wewe ungekuja unisaidie kufyeka."

Edmund akakaa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Hakimu alitoka kwa saa nzima. Aliporudi akasoma. Alianza na mimi, na hakunibembeleza. Alisema mtaalamu anayeingia kwenye akili ya mtu bila kumwambia anafanya nini, kisha akampa mpinzani wake ulimi, ametumia vibaya imani ya mahakama. Alisema kurekebisha kosa ni wajibu wangu, si hisani. Kila neno nililipokea nimesimama, maana kila neno lilikuwa halali yangu. Kisha akageuza ukurasa.

"Ushahidi unaonesha mtu mwenye huzuni, mwenye kumbukumbu, na mwenye kazi nzuri ya mikono. Sheria haimnyang'anyi mtu mali kwa sababu ya huzuni, wala kwa kufanya kazi ambayo desturi imempa mwingine. Maombi yametupwa. Mzee Ladislaus, shamba ni lako, nyumba ni yako, na uamuzi juu yake ni wako. Unaweza kwenda nyumbani."

Nje madirishani vigelegele vikapasuka. Karani alipiga kelele ya kutaka ukimya mpaka akachoka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, kipodozi kimenishuka hadi kidevuni, na sikujali.

Sasa, kwa utaratibu, hakimu hutoka kwanza na sisi wote husimama mpaka apotee mlangoni. Mzee Ladislaus hakujua utaratibu huo. Aliambiwa aende nyumbani, akavaa kofia yake humo humo ndani na kuanza kutembea kuelekea mlango mkubwa. Askari akanyoosha mkono kumzuia. Hakimu akatikisa kichwa, yule askari akaushusha.

Bibi Hedwiga akawa wa kwanza kusimama. Wakafuata wale majirani watatu walioapa. Kisha benchi moja moja, mpaka wakili na karatasi zake, mpaka Edmund, wa mwisho, kichwa chini. Mzee akapita katikati yetu polepole, anaitikia shikamoo kulia na kushoto. Hakimu alibaki ameketi kimya kwenye kiti chake hadi mzee alipotoka nje.